Kuku wa susu si mvivu, yuko likizo ya uzazi

Wasee, kuna neno nimelisikia Mwingi hadi nimechoka: "wavivu." Si vijana, ni kuku. Nimelisikia kwa matatu, kwa kinyozi, nje ya kanisa watu wakisalimiana, na juzi nikalisikia kwa boma letu wenyewe. Kila kijana mwenye simu na mtaji wa elfu kumi ameamua kuku wa kienyeji ni wavivu, dawa ni kuuza wote, alete wale wanaitwa "improved", halafu akae kwa kivuli akingoja doo. Leo naongelea hiyo. Na nitaongea mambo ya jeni, kwa hivyo kama ulilala kwa ile topiki ya kwanza ya baiolojia fomu foo, usitoroke, nitaenda polepole.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wanadanganyana.

Kuku wa gredi wa mayai, yule wa kahawia mwenye picha yake iko kwa kila gunia la chakula, anaweza kutaga mayai 300 kwa mwaka, wengine wanapita hapo. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula nje anataga kati ya 40 na 80. Ukiziweka hizo namba pamoja, kweli wa susu anakaa mzembe. (Kwa wale si Wakamba: susu ni nyanya, cucu, bibi, chagua lako.)

Sasa angalia vile huyo wa kienyeji anatumia mwaka wake. Anataga yai moja leo, pengine kesho anaruka, hadi anafikisha kama 14. Hiyo ni wiki tatu. Halafu anayalalia siku 21, yaani anaatamia. Anatoka mara moja kwa siku, anakula haraka, anakunywa, anaenda haja, anarudi mbio kama mtu ameacha chapati kwa moto. Vifaranga wakianguliwa, anatembea nao wiki nane hadi kumi, akiwachimbulia mchwa, akipigana na mwewe, akiwafunika usiku. Jumlisha: wiki 16 hivi. Mwaka una wiki 52, kwa hivyo anapata raundi tatu. Tatu mara 14 ni 42. Hiyo ndiyo arobaini yenu mnayomchekea nayo. Katika kila wiki 16, wiki 13 alikuwa kwa kazi nyingine kabisa, kazi ambayo kwa wale wa gredi inafanywa na mashine, tokeni za stima, na kijana wa kuamka usiku kuangalia taa.

Kwa hivyo swali la kuuliza si kwa nini anataga kidogo. Swali ni nani anaangua na nani analea. Ukishaliona hivyo, mambo ya jeni yanakuwa rahisi kuliko vile mwalimu alikufunza.

Kuna homoni inaitwa prolaktini. Nyinyi pia mko nayo, hata wewe kaka unayesoma hii kwa basi. Kwa mama aliyejifungua husaidia maziwa kutengenezwa. Kwa kuku, ikipanda, anapata ile hali mnaijua: manyoya yanasimama, anakuguzia kwa sauti nzito, ukimkaribia anakudonoa. Ovari inasinyaa, mayai yanasimama, na mwili wote unasema kazi sasa ni moja, kukaa. Ukimtoa kwa kiota na usimwache arudi, prolaktini inashuka, na baada ya siku kadhaa za kununa anaanza njia ya kurudi kutaga.

Susu yangu anajua hiyo bila kujua jina la homoni. Kuku akiamua kulalia kiota ambacho hakina hata yai, susu anamshika, anamtia kifua na tumbo kwa beseni la maji baridi, halafu anamfunika na kikapu pahali penye upepo siku mbili tatu. Nikiwa mdogo nilifikiri ni adhabu. Kumbe ni usimamizi wa homoni, bure, bila digrii.

Sasa, jeni. Kiwango cha prolaktini hakitoki hewani, kuna jeni ya kuitengeneza. Mbele kidogo ya hiyo jeni kuna sehemu fupi ya DNA ambayo kazi yake ni kuamuru: washa, zima, ongeza, punguza. Ni kama swichi na ile kitu ya kupunguza sauti kwa redio. Pahali hapo, kuku wengine wana herufi 24 za ziada na wengine hawana. Herufi 24 tu, kwa DNA yenye herufi karibu bilioni moja. Watafiti wa Uchina waliangalia mifugo tofauti wakakuta kwamba White Leghorn, yule kuku mweupe wa mayai ambaye karibu amesahau kabisa kuatamia, ana hizo herufi kwa wingi. Mifugo yao ya asili inayopenda kuatamia, herufi hizo ni nadra. Na kwa mifugo kadhaa, kuwa na herufi hizo kumeendana na kuatamia kidogo na mayai mengi zaidi.

Usikimbie kuandika kwa komenti "kwa hivyo tuwawekee tu hizo 24." Haiendi hivyo. Kutaga kunaguswa na jeni nyingi sana, kila moja inasukuma kidogo. Kuna ya prolaktini, kuna ya mlango ambao prolaktini inaingilia kwa seli, kuna za homoni nyingine za kichwani, kuna za ukubwa wa mwili, kuna za namna anavyotumia kalsiamu. Ni kama kwaya. Ukimtoa mtu mmoja wa sauti ya tatu wimbo unabadilika kidogo, lakini haugeuki kuwa wimbo mwingine.

Huo mlango wa prolaktini ndio ulinifanya nikae chini. Jeni yake iko kwa kromosomu inayoitwa Z. Kwa binadamu, baba ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, X na Y. Kwa kuku imegeuzwa: jogoo ana Z mbili, na kuku jike ana Z moja na W moja. Maana yake, binti wa kuku anapata W kutoka kwa mamake, na ile Z yake moja, yote, inatoka kwa babake. Kila jeni iliyo kwa Z, binti ameipata kwa jogoo. Na Z ya mama inaenda wapi? Inaenda kwa watoto wake wa kiume. Wao ndio wanaweza kuipitisha kwa binti zao. Yaani kama una kuku jike mtagaji mzuri, hicho kipande cha uzuri wake hakipiti kwa binti yake. Kinaingia kwa mtoto wake wa kiume, kinajificha huko kimya, halafu kinaweza kutokea tena kwa mjukuu wa kike.

Zile jeni nyingine nje ya Z zinatoka kwa wazazi wote wawili nusu kwa nusu, hiyo ni kawaida. Lakini ona vile tunachagua jogoo Mwingi. Jogoo anayebaki ni yule mkubwa, mwenye kilemba chekundu, mwenye mkia kama anaenda harusi. Au mbaya zaidi: huyo ndiye anauzwa Krismasi kwa sababu analeta pesa nzuri, na anayebaki ni yule hakuna mtu alimtaka. Hakuna anayeuliza mamake alikuwa nani. Tunachagua baba wa watagaji kwa kigezo cha nyama, halafu tunasema mabinti ni wavivu.

Kabla nirudi nyumbani, nipite Ulaya mara moja, kwa sababu watu wanafikiri kuku wa gredi alishuka na mbingu. Babu wa kuku wote ni ndege wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, yule mwekundu, ambaye hutaga kwa msimu, mayai kumi na kitu kwa mwaka, basi. Mwaka 2010 timu ya Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ilionyesha kuna jeni moja inaitwa TSHR ambayo kuku wa kufugwa karibu wote duniani wana aina yake moja. Jeni hiyo inahusika na namna mnyama anavyosoma urefu wa mchana na kujua msimu wa kuzaa umefika. Inaonekana aina hiyo ililegeza breki ya msimu. Halafu 2017 watafiti wengine walipima DNA ya mifupa ya kuku wa zamani wa Ulaya, wakaona aina hiyo ilianza kusambaa kwa kasi kama miaka elfu moja iliyopita. Wakati huo miji ilikuwa inakua, na watawa wa Kanisa walikatazwa nyama ya mnyama wa miguu minne siku za mfungo. Kuku ana miwili. Mayai nayo hayana mguu hata mmoja. Kwa hivyo pengine kutaga kwa mwaka mzima kunadaiwa kidogo na mapadre wenye njaa. Mimi hiyo ilinifurahisha kuliko inavyofaa.

Halafu wakaja wafugaji wa karne ya ishirini, wenye daftari, viota vya mtego vya kujua nani ametaga, na baadaye kompyuta. Kizazi baada ya kizazi: mtagaji abaki, mwenye kuatamia aondoke. Kuku wa mayai 300 ni mtoto wa kuhesabu. Hakuna uchawi.

Kwetu nani alihesabu? Kuku wetu walifika kwa njia nyingi. Joram Mwacharo, Mkenya, na wenzake waliangalia DNA ya kuku wa vijijini Afrika Mashariki, matokeo yakatoka 2011. Walikuta kuku hawa hawakuja mara moja kutoka pahali pamoja, waliletwa kwa awamu tofauti, na mizizi yao inarudi Asia. Tangu hapo wamechaguliwa na mwewe, jua, njaa, na ugonjwa wa Newcastle, ule wa kufagia boma zima kwa wiki moja. Hakuna mmoja kati ya hao wanne anayehesabu mayai. Wanahesabu nani amebaki hai na watoto. Kwa hivyo tofauti za jeni zimebaki nyingi, hazijapigwa pasi zikawa moja.

Mfano uko kwetu unatembea. Susu ana kuku wa shingo tupu, wengine huita kishingo. Watoto wa tauni wakija wanamcheka, wanasema amenyolewa. Ile shingo ni jeni moja tu, na nakala moja inatosha kuonekana. Watafiti wa Roslin, Edinburgh, walionyesha 2011 kwamba kipande cha DNA kiliruka kutoka kromosomu moja kikajibandika kwa nyingine, karibu na jeni inayoamua manyoya yaote wapi. Kuku wa hivyo ana manyoya machache mwili mzima, si shingoni peke yake. Mwenye nakala mbili anapungukiwa hadi karibu asilimia 40.

Hiyo inahusu nini mayai? Njoo Mwingi Februari saa nane mchana ndiyo utajua. Kuku hana jasho. Joto likizidi anapanua mabawa na kuhema mdomo wazi, anakula kidogo, na kule kuhema kunamharibia ile hewa mwili unatumia kutengeneza ganda, kwa hivyo mayai yanakuwa machache na ganda jembamba. Mwenye manyoya machache anatoa joto vizuri zaidi. Majaribio mengi ya nchi za joto yameona anashikilia kutaga wakati wenzake wameshuka. Kwa baridi ya Limuru huyo huyo atateseka. Jeni nzuri ni swali la wapi.

Sasa nyumbani. Binamu yangu, ambaye nampenda na atasoma hii, alichukua mkopo wa chama mwaka jana akanunua vifaranga 80 kwa muuzaji mmoja wa barabarani aliyemwapia ni improved asili. Wakabaki 60. Walipokua, wengine walikuwa wakubwa kama bata mzinga, wengine wembamba, rangi tano, na kutaga ni bahati nasibu. Si kwamba kuku wa kuboreshwa ni uongo. KALRO Naivasha wamefanya kazi ya miaka mingi wakikusanya kienyeji wa sehemu tofauti za Kenya na kuchagua wanaokua haraka na kutaga zaidi, na Egerton pia wamekuwa na mradi wao. Kuroiler alitengenezwa India na kampuni ya Keggfarms miaka ya tisini mwanzoni, akaletwa kujaribiwa kwa boma za Uganda, na huko aliwapita wa kienyeji kwa uzito na mayai. Hao ni kuku wa kweli. Lakini wengi wanaouzwa kwa barabara ni watoto wa watoto wao.

Hapo ndipo fomu foo inarudi. Ukichanganya mistari miwili tofauti, kizazi cha kwanza kinatoka kizuri na kinafanana. Ukichukua mayai ya hicho kizazi ukaangua mwenyewe, jeni zinachanganywa upya kama karata: mmoja anapata nyingi za kutaga, mwingine anapata za kuatamia, mwingine anapata mwili mkubwa wa kula tu. Kuroiler na mahuluti wengine wako hivyo. Muuzaji hakuambii hii. Pengine hata yeye hajui.

Na kuna chakula. Kuku anayetaga kwa bidii anataka kama gramu 120 kwa siku. Sitini ni kilo saba na kitu, gunia la kilo 50 linaisha wiki moja. Ukimwachia mwenye jeni za mayai 200 akimbizane na panzi Mwingi, hatataga 200, kwa sababu yai ni protini na kalsiamu na hakuna jeni inayotengeneza yai kutoka kwa mchanga. Ongeza taa: wafugaji wakubwa wanawawashia hadi saa 16 kwa siku. Sisi tuko digrii moja tu kutoka ikweta, mchana ni saa 12, Januari hadi Desemba.

Krismasi ndipo binamu alisema mbele ya familia: tuuze kuku wote wa susu, wale 11 na jogoo, tununue chakula cha hawa wangu wafike kutaga, "hao wa susu ni wavivu tu." Kimya. Mnajua kile kimya cha familia.

Niwaambie hao 11 ni nani. Dada yangu mdogo alipoingia sekondari, godoro, sanduku na viatu vilikuwa majogoo manne na matetea sita. Ule ukame wa 2021 na 2022, mvua ikikataa msimu baada ya msimu, ndengu zikikauka kwa shamba, jirani mwenye kuku wa gredi alifunga banda kwa sababu bei ya chakula ilimshinda. Wa susu walipungua, walikonda, lakini walikuwako. Susu alikuwa anavunja kichuguu, wanakula mchwa, maisha yanaendelea. Na kutoka wale waliobaki, boma lilijaa tena bila kununua kifaranga hata kimoja. Hiyo ndiyo kazi ya kuatamia. Ni benki ambayo haihitaji stima.

Lakini sitaki mnielewe kana kwamba nasema kienyeji idumu, kisasa ishindwe. Hiyo ni siasa ya jezi. Susu pia anapoteza mayai mengi, na sababu moja ni kwamba hatujui nani ni nani ndani ya wale 11. Hapo nikatoa daftari.

Februari hadi Novemba mwaka jana, dada yangu alikuwa karani. Kila kuku wa susu ana pahali pake: mmoja chini ya ghala, mmoja nyuma ya mtungi, mmoja chini ya kitanda cha susu na hakuna mtu wa kumtoa. Dada aliandika kwa penseli kwa kila yai namba ya kuku na tarehe, nami namtumia bando. Namba Tatu, mwekundu wa kawaida tu, alitaga 19 kabla ya kulalia, halafu 17, halafu 18, halafu 17. Jumla 71. Shingo Tupu alikuwa anafika 15 kila raundi, hata mwezi wa joto. Na kuna mmoja tunamwita Mama Kanisa kwa sababu anapenda kukaa chini: 9, 10, 9, kwisha. Jumla 28.

Boma moja, mchwa ule ule, jua lile lile, na mmoja ametaga zaidi ya mara mbili ya mwingine. Si yote ni jeni, najua. Umri unahesabika, minyoo inahesabika, vifaranga wakichukuliwa na mwewe mapema mama anarudi kutaga haraka. Kwa idadi ya mayai, sehemu inayorithiwa ni ndogo kuliko, tuseme, uzito wa mwili, kwa hivyo ukichagua leo usitarajie muujiza kesho. Lakini si sifuri. Hiyo tofauti kati ya 28 na 71 ndiyo malighafi ile ile ambayo wengine waliigeuza kuwa kuku wa mayai 300. Tunayo kwa boma, inalala chini ya kitanda cha susu, na tulikuwa karibu kuiuza kwa bei ya gunia mbili za chakula.

Nikasema hayo yote, kwa ufupi zaidi ya hapa. Binamu akauliza, "Sasa Mama Kanisa anabaki kwa nini?" Swali zuri. Nikamwambia Mama Kanisa ndiye mashine yako ya kuangulia. Mayai ya Namba Tatu yakiwa kwa tundu lake, Namba Tatu atulizwe kwa kikapu cha susu arudi kutaga. Mama Kanisa awekewe hayo mayai, yeye hajali ni ya nani, prolaktini haisomi namba ya penseli. Mwenye jeni za kukaa akae, mwenye jeni za kutaga atage. Na hata matetea yako yale mazuri, mayai yao yanaweza kuanguliwa hapo, bora ujue watoto hawatafanana na mama.

Susu alikuwa anasikiliza tu. Mimi nina jina la babu, kwa hivyo huniita mume wake, Wakamba mnajua. Akasema, "Mume wangu, hayo ya beseni na ya kulaliza mayai ya mwingine nimefanya tangu kabla baba yako azaliwe. Lakini hilo la jogoo sikujua." Halafu akamgeukia binamu: "Wewe, utauza wako wale wanaokula bila kutaga. Wangu hapana." Mkutano ukaisha hapo, chai ikaletwa.

Binamu aliuza 22 sokoni Mwingi kabla ya mwaka mpya, wale daftari lilionyesha hawafiki popote. Ndiyo, naye ameanza daftari. Deni la chama bado liko, msinitumie meseji za pongezi. Chanjo ya Newcastle walipigwa wote wiki ya kwanza ya Januari, wake na wa susu, kwa sababu jeni yoyote ile, mzoga hautagi.

Na kuna jogoo mmoja mdogo, mtoto wa Namba Tatu, nimemfunga uzi wa bluu mguuni asije akauzwa kwa makosa. Kilemba chake ni kidogo na miguu ni myembamba. Wateja wawili wameshamkataa. Ana Z ya mamake. Mwezi wa sita hivi ataanza kupanda, na mabinti zake hawatataga mpaka mwaka ujao. Dada yangu ameshanunua daftari lingine.